Je, wajua? Kipimo kinaweza kusoma 50 na simu ya video bado ikakwama

Unalipia faiba ya Mbps 50. Unafungua Speedtest, programu ya kupima kasi, namba inapanda hadi 49, unaridhika. Jioni uko kwenye Zoom: sauti inakatika, uso wa mwenzako umeganda. Unapiga simu kwa kampuni, unaambiwa laini iko sawa. Inawezekanaje?

Tatizo linaanzia kwenye kuamini kwamba ile namba kubwa ndiyo kasi ya intaneti yako. Mbps ni megabiti kwa sekunde, yaani kiasi cha data kinachopita laini ikiwa imejazwa kabisa. Biti 8 ni baiti moja, ndiyo maana laini ya 50 hupakua faili kwa megabaiti 6 hivi kwa sekunde, na hujaibiwa. Lakini namba hiyo haisemi lolote kuhusu muda ambao pakiti moja, yaani kipande kidogo cha data, hutumia kwenda na kurudi. Simu ya video yenye picha safi hutosheka na Mbps 4 hivi. Shida yake ni kwamba hizo 4 lazima zifike kwa wakati, kwani sauti iliyochelewa nusu sekunde haina kazi tena. Anayehama kutoka kifurushi cha 50 kwenda cha 100 ili kuponya Zoom mara nyingi ananunua dawa ya ugonjwa mwingine.

Tena namba hiyo ni ya kipande kimoja tu cha safari. Speedtest huchagua seva ya karibu, pengine iliyo ndani ya mtandao wa kampuni yako mwenyewe, na hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja ili kuijaza laini. Hicho ni kipimo halali cha njia ya kutoka sebuleni hadi Nairobi au Dar es Salaam, basi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo seva ya mjini inaweza kukupa namba nzuri huku tovuti za ng'ambo zikigoma kufunguka.

Sasa twende kwenye foleni, maana hapo ndipo simu nyingi hufia. Chukua pantoni ya Kigamboni, kivuko cha Dar es Salaam. Ukihesabu magari yaliyovuka kwa saa nzima, utapata idadi nzuri, na kadiri foleni ilivyo ndefu ndivyo pantoni inavyoondoka imejaa. Ila mwenye bodaboda aliyefika nyuma ya malori 40 amesubiri safari tatu. Idadi ya magari haijapungua hata moja, na kwake kivuko kimekuwa cha polepole mno.

Malori ni picha ambazo simu yako inazipandisha Google Photos. Bodaboda ni sauti yako. Foleni yenyewe iko kwenye kumbukumbu ya ruta, inayoitwa bafa, na urefu wake unapigika hesabu. Bafa ya megabaiti 1 ni megabiti 8. Laini ya kupandisha ya Mbps 10 huhitaji sekunde 0.8 kuimaliza. Kila pakiti ya sauti inayoingia mwishoni inasubiri hizo sekunde 0.8. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja.

Linalovutia zaidi ni chanzo. Kumbukumbu ilishuka bei, watengenezaji wakaweka bafa kubwa ili pakiti zisipotee. Kumbe itifaki ya TCP, yaani kanuni zinazoongoza utumaji wa data nyingi mtandaoni, hutegemea pakiti zinazopotea ili ijue kwamba inatuma kwa pupa na ipunguze. Bafa kubwa ikaificha ishara hiyo. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, mbinu ya kutupa pakiti mapema kwa makusudi foleni inapodumu. Intaneti inakuwa bora kwa kutupa data, na hilo linafanya kazi kweli.

Kujipima, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo ya LAN, zima vingine vyote, kisha fungua fast.com ya Netflix na ubonyeze kitufe cha maelezo zaidi. Utaona ucheleweshaji wa aina mbili: laini ikiwa tupu na ikiwa imejaa. Kutoka milisekunde 15 hadi 40 hakuna neno. Kutoka 15 hadi 500, umeipata foleni. Rudia saa 3 usiku, majirani wakiwa mtandaoni. Na kama kifurushi chako ni cha 200 lakini kwa kebo namba inagota kwenye 94, angalia kebo: gigabiti huhitaji jozi zote nne za nyaya, na jozi moja ikikatika vifaa vinaweza kurudi kwenye Mbps 100 bila kukuambia.

Kwa kebo kukiwa safi na kwa simu kubaya, wa kulaumiwa ni waifai. Hamia masafa ya 5 GHz ukiwa chumba kimoja na ruta. Ukuta wa zege huipunguza sana kuliko 2.4 GHz.

Foleni yenyewe hutibiwa kwenye ruta. Kwenye mipangilio yake tafuta SQM, au QoS yenye fq_codel au cake (hivi vyote ni vipengele vya kupanga foleni), uweke kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, kupakua na kupandisha kila kimoja chake. Kikomo lazima kiwe chini ya kasi halisi ili foleni ijengeke kwako, unakoweza kuipanga, na siyo kwenye mitambo ya kampuni. Upande wa kupandisha hupona vizuri; wa kupakua hupona kwa kiasi, kwa sababu pakiti zimeshapanga foleni kabla ya kukufikia. Ruta nyingi za kampuni hazina kipengele hiki, hivyo utahitaji yako inayokubali OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta. Kama hununui ruta, punguza kasi ya kupandisha ndani ya programu za kuhifadhi faili mtandaoni. Zinazouliza kilobaiti kwa sekunde, kwenye laini ya kupandisha ya Mbps 10 ziandikie 800, na simu itabaki na nafasi ya kupumua.