Kalamu za kubonyeza: watu wanavyodhani kuhusu kuziunganisha na ukweli wenyewe

Wengi wanaokereza kalamu kwa hobi nguvu zote wanazimalizia kwenye mashine, mbao inang'aa, vanishi safi kabisa, alafu ikifika zamu ya vipuri (zile sehemu za chuma zinazouzwa kwa seti: ncha, klipu, mtambo wa kitufe) wanaona kazi imeisha, kilichobaki ni kubana tu. Hii ndo dhana ya kwanza na kwa maoni yangu ndo inayoharibu kalamu nyingi kuliko zingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kalamu ya kuzungusha inakusamehe, mtambo wake unausukuma ndani taratibu, unajaribu, ncha haijatoka vya kutosha unasukuma tena kidogo. Ya kubonyeza haikupi hiyo nafasi. Rifili, yaani kile kijiti cha wino, imekaa kati ya vitu viwili, mbele kuna springi iliyoegemea kwenye ncha, nyuma kuna mtambo wa kitufe, na umbali kati ya hivyo viwili unaamuliwa na urefu wa mrija wa shaba uliougundisha ndani ya mbao, kwa sababu vipuri vina mabega na yakigota kwenye mdomo wa mrija hapo ndo mwisho. Sasa we wakati unasawazisha ncha za mbao ukaula mrija hata milimita moja, rifili nayo imesogea mbele milimita moja, na safari nzima ya kitufe chenyewe ni milimita chache tu. Ndo unakuta umebonyeza wino urudi ndani lakini kidomo bado kinachungulia na kinachafua mfuko wa shati, au mbaya zaidi kitufe hakinasi kabisa maana rifili inagota mbele kabla mtambo haujafika pale pa kujifunga. Mbao ikibaki ndefu kuliko mrija ni kinyume chake, unabonyeza na wino hautoki vizuri.

Kwa hiyo pima mrija kwa kalipa (kipimo cha taya mbili cha milimita) kabla hujaugundisha, andika namba kwa penseli mahali, ukisawazisha acha pale pale shaba inapong'aa duara zima, alafu pima tena. Ikiwa imezidi endelea kidogo kidogo. Ikiwa imepungua usibane kitu bado, tafuta washa nyembamba, kile kiduara chenye tundu katikati, ya kukaa kati ya kipuri na mdomo wa mrija, au kama mkia wa rifili ni wa plastiki unaweza kuupunguza kwa wembe. Hiyo nafuu ya mwisho mi siipendi sana kwa sababu mwenye kalamu akibadilisha rifili tatizo linarudi lile lile, na yeye hajui lilitoka wapi.

"Kipuri kikigoma ongeza nguvu." Hapana jamani. Kipuri kinagoma kwa sababu kuna kitu, na mara nyingi ni gundi iliyokauka ndani ya mrija au vanishi iliyojikusanya mdomoni, na ukilazimisha ile nguvu haipotei, inaenda kwenye mbao na mbao inapasuka, tena kwenye ncha ambako imebaki nyembamba kuliko kote. Chungulia ndani ya mrija kwenye mwanga, kwangua kwa tupa ndogo ya duara au msasa uliouviringisha, lainisha ule ukingo wa ndani kidogo tu, alafu jaribu kwa vidole, kipuri kikianza kuingia kikiwa kimenyooka hiyo kazi itaenda. Ukitaka kukwepa haya yote, ziba midomo ya mrija kwa nta au udongo laini kabla hujaupaka gundi.

Wengine wanaona bila presi maalum ya kalamu huwezi. Jiliwa inatosha, klempu inatosha, hata mashine yenyewe ya kukereza ikiwa imezimwa unaweza kubania humo, ilimradi kuna vipande vya mbao pande zote mbili visiache alama kwenye vipuri na unasukuma kwa mstari mmoja ulionyooka. Nyundo ndo usiiguse kwenye kubana.

Kuna hii pia ya kudhani seti zote za kubonyeza ni sawa. Seti moja inataka tundu la milimita 10, nyingine inchi 3/8, nyingine 27/64 ambayo ni kama milimita 10.7, na bushi, zile pete za kuongoza unene wa mbao kwenye mashine, zinafuata seti yake. Alafu hata bushi sahihi usiiamini moja kwa moja, msasa unaila kila siku bila we kuona, kwa hiyo pima kipuri chenyewe kwa kalipa na ukereze mbao ifuate hicho kipimo. Kwenye rifili ndo vurugu kabisa, nyingi ya seti hizi zinatumia umbo la Parker ambalo kwenye viwango vya ISO linaitwa G2, na Pilot nao wana kalamu ya jeli inayoitwa G2, mtu ananunua rifili ya Pilot akijua amepatia kumbe ni ndefu na haiingii.

Kuhusu gundi kwenye vipuri: vimetengenezwa kushika kwa kubanwa, havihitaji. Kikilegea kweli, tone moja la epoksi ndani ya mdomo wa mrija, sio supagluu nyingi, maana ikitambaa mpaka kwenye nyuzi za skrubu au kwenye mtambo wa kitufe hiyo kalamu haibonyezeki tena.

Kuna wanaoamini mbao ikishagundishwa kwenye shaba haiwezi kupasuka. Inaweza, hata miezi baadaye, kwa sababu mbao mbichi inasinyaa ikikauka na shaba haisinyai, kwa hiyo ndo inaweza kutoa ufa. Mbao iwe imekauka kweli, na ukitoboa usiharakishe, joto la keekee peke yake linatosha kuanzisha ufa mdogo usiouona mpaka siku ya kubana.

La mwisho ni lile la "ukishabana umebana." Watu wanatupa kalamu nzima kwa sababu wamesahau klipu, au wamebana ncha upande wa juu (weka alama ya penseli ndani ya mrija upande wa ncha, usiipake vanishi, itakusaidia sana). Vipuri vinatoka. Toa rifili na springi, fungua vinavyofunguka kwa skrubu, ingiza panchi nyembamba kutokea upande wa pili mpaka iguse kipuri kilichobanwa, shikilia mbao kwenye kipande chenye tundu, gonga kidogo kidogo na hapa ndo nyundo inaruhusiwa. Kikitoka kikague kama hakijapinda, safisha mdomo wa mrija, bana upya.