Mdiria mwekundu wa Madagaska: tunayodhani na yaliyo kweli

"Mdiria ni mvuvi, mtafute mtoni." Hili ndilo kosa kubwa, na ndilo linalozaa mengine. Huko Madagaska, au Bukini kama wazee wetu wa pwani walivyoiita, kuna ndege mdogo wa aina ya mdiria mwenye mgongo mwekundu wa kutu na tumbo jeupe. Urefu wake ni sentimita 13 hivi, na uzito haufiki gramu 25. Kwa jina la kisayansi ni Corythornis madagascariensis. Ukimngoja kando ya mto utangoja sana, kwa sababu makao yake hasa ni msitu.

Hukaa kwenye kijiti chembamba, chini chini, kimya kabisa, macho yakiwa kwenye majani makavu. Kitu kikitikisika huko chini, anashuka puu! na kurudi nacho kijitini. Akipata chura humpigapiga kwenye tawi, kushoto na kulia, mpaka alegee, kisha humeza. Vyura, wadudu, buibui na mijusi midogo ndio riziki yake. Wamalagasi walishalijua jambo hili: mdiria kwao ni vintsy, msitu ni ala, na ndege huyu ni vintsiala. Binafsi naona jina hilo linaeleza mengi kuliko la Kilatini.

Huko huko yupo pia mdiria wa bluu, na wapo wanaoamini kuwa mwekundu na wa bluu ni dume na jike. Sivyo. Dume na jike wa mdiria mwekundu wanafanana. Yule wa bluu ni spishi nyingine, Corythornis vintsioides, naye ndiye mvuvi wa kweli, tena anapatikana pia Komoro na Mayotte. Tazama mdomo tu: wa bluu una weusi, wa mwekundu ni mwekundu wa chungwa.

Kiota nacho hakipo mtini. Huchimba shimo kwenye ukingo wa udongo na kutaga ndani.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: "Hayumo hatarini, basi hana shida." Ni kweli kwamba katika orodha ya dunia ya spishi zilizo hatarini amewekwa kundi la wasio na wasiwasi mkubwa, maana ameenea katika misitu mikavu ya magharibi na misitu ya mvua ya mashariki. Lakini orodha huipima spishi nzima. Haikuambii habari za kipande kimoja cha msitu kilichochomwa mwaka huu kwa ajili ya tavy, kilimo cha kufyeka na kuchoma, au kilichokatwa kwa mkaa. Miti ikiondoka, kivuli kinaondoka, majani yaliyooza yanakauka, na vyura wanatoweka. Mdiria wa bluu unaweza kumkuta hata kwenye majaruba ya mpunga yaliyochukua nafasi ya msitu. Mwekundu humkuti huko.