Kwenda kuteleza mawimbini msimu wa mvua: uliza upepo kwanza

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za kuteleza mawimbini kwa ubao (surfing) katika nchi za tropiki, na karibu kila mteja huanza na swali moja: mvua zitakuwa zimekwisha? Huwa namrudishia mawili. Mwezi huo upepo unavuma kutoka wapi? Na mawimbi yanatoka wapi?

Mvua yenyewe haina ugomvi na wimbi. Ikinyesha bila upepo, matone huvuruga tabaka la juu la maji na kuvifisha viwimbi vidogo, kwa hiyo bahari hulainika na wimbi kubwa huja likiwa safi. Kinachoharibu ni upepo wa kutoka baharini, unaolisukuma wimbi kwa nyuma mpaka likavunjika ovyo. Upepo wa kutoka bara hufanya kinyume: hulizuia kwa mbele, likasimama wima na kujiviringa vizuri. Sasa, sehemu nyingi za tropiki mvua zinapoingia upepo nao hugeuka. Pwani iliyokuwa nzuri huharibika, na mara nyingi ya upande wa pili ikapona.

Bali, kisiwa cha Indonesia, inaonyesha jambo hili vizuri. Kuanzia Aprili hadi Oktoba upepo wa kusini-mashariki huvuma kutoka bara ukiwa Uluwatu na Padang Padang, upande wa magharibi, na dunia nzima hujazana huko. Kati ya Desemba na Machi upepo hutoka magharibi, nao mawimbi ya upande huo huchafuka. Lakini vuka upande wa mashariki, Sanur, Nusa Dua au Keramas, upepo huohuo sasa unatoka bara. Mawimbi ni madogo kuliko ya Julai, nami sitamdanganya mtu kuhusu hilo, ila kwa asiye bingwa udogo huo ni neema. Sri Lanka hali ni hiyo hiyo: Weligama na Hikkaduwa, upande wa kusini na kusini-magharibi, ni za Novemba hadi Aprili, na kusi ikishaanza kuzipiga, watu huhamia Arugam Bay upande wa mashariki.

Swali la pili ndilo wengi hulisahau. Mawimbi mengi bora ya tropiki hayazaliwi tropiki. Mara nyingi huzaliwa na dhoruba za mbali, kusini kabisa mwa dunia, ambako majira yake makali ni Juni hadi Agosti. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 16 hivi husafiri karibu kilomita 1,000 kwa siku, na huchukua siku kadhaa kabla ya kufika. Pwani ya Pasifiki ya Kosta Rika huyapokea kati ya Mei na Novemba, na hiyo ndiyo miezi yake ya mvua. Pavones, wimbi la kushoto (humpeleka mtelezaji upande wake wa kushoto) lenye sifa ya urefu duniani, huamka wakati huo. Anayesubiri kiangazi pale atapata jua tele na bahari iliyolala. Upande wa Karibi wa nchi hiyohiyo, Salsa Brava huwa na nguvu Desemba hadi Machi, na Desemba huko ni mwezi wa mvua kubwa. Kalenda ya kitalii ya "msimu mzuri" imeandikwa kwa ajili ya wanaolala ufukweni, si sisi.

Siku ya kawaida ya mvua za tropiki nayo haitishi kama picha za simu zinavyoonyesha. Sehemu nyingi asubuhi huwa shwari: usiku bara limepoa, kwa hiyo upepo mwepesi hutoka huko kwenda baharini. Adhuhuri joto hujenga mawingu, alasiri yanamwagika. Ingia majini alfajiri, toka saa nne, na mvua ikukute umelala. Jua usilidharau hata likiwa limejificha, maana mawingu mepesi hupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza ngozi.

Ninapokuwa mkali ni kwenye mito. Mafuriko hushusha mchanga na kujenga mafungu yanayotengeneza mawimbi mazuri mdomoni mwa mto, na ndiyo sababu watu hukimbilia hapo. Mto huohuo hushusha pia maji taka, magogo, na takataka za mji mzima. Baada ya mvua kubwa nakaa nje siku tatu, hata wimbi likiniita kwa jina. Maji ya kahawia hukuficha mwamba na gogo, tena huwavutia papa wa aina inayovumilia maji matamu. Kosta Rika ongeza mamba. Mkwaruzo wa tumbawe uoshe kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo, maana kwenye unyevunyevu kidonda kidogo huoza haraka. Masikio yakaushe kila ukitoka. Na dawa ya mbu ipake mchana pia, kwa kuwa mbu wa dengi huuma mchana.

Radi haina mjadala. Ukisikia ngurumo, toka, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kwenye vifaa sina mengi: nta ya ubao ya maji ya joto, kamba ya akiba ya kuufunga ubao mguuni, fulana ya kuzuia jua. Kwenye bima ninayo. Ukienda eneo la vimbunga, kama Karibi kati ya Juni na Novemba, nunua bima mapema, kwa sababu kampuni nyingi hazilipi kwa kimbunga kilichokwisha kupewa jina siku uliyonunua. Tiketi tafuta inayobadilishika, na usipange kuruka siku ileile unayotoka kijijini, kwani daraja likisombwa ndege haitakusubiri. Mimi huacha siku moja tupu mjini kabla ya safari ya kurudi, na wateja wanaolalamikia gharama yake ni wale ambao barabara haijawahi kuwakatikia.