Kilo sita zilizoishia juani

Nafundisha mifumo ya habari katika shule kuu ya menejimenti na teknolojia hapa Dodoma. Ofisi yangu iko katikati ya idara ya uhasibu na maabara ya kompyuta, na kwa muda mrefu watu wa pande hizo mbili tulikutana kantini tu. Sasa tuna somo moja la pamoja kwa mwaka wa tatu: wa kompyuta, wa uhasibu, wa ununuzi na ugavi na wa takwimu wanakaa kundi moja na kupewa tatizo moja. Nikiulizwa somo mtambuka linaanzia wapi, jibu langu ni kwamba linaanzia kwenye kuchagua tatizo. Ukichagua tatizo lenye mwenyewe, idara moja italimeza na zingine zitabaki kutazama.

Letu ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye mahindi na karanga, hasa zao likipigwa na ukame shambani kisha likaingizwa ghalani halijakauka. Huwezi kuionja, na moto wa kusongea ugali hauimalizi. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka, inaandaa saratani ya ini. Ukiila nyingi kwa mkupuo, inaua. Kenya ilipoteza watu 125 mwaka 2004. Mwaka 2016 ikabisha hodi kwetu, Dodoma na Manyara: familia zilikula mahindi ya shamba lao wenyewe, watu wakaanza kuumwa matumbo na macho kugeuka manjano, na wengine hawakupona. Baadhi ya wanafunzi wangu wanatoka Chemba na Kondoa. Kwao hili si zoezi la darasani.

Sasa, sumukuvu ni ya nani? Mkemia ataipima, lakini hawezi kumshawishi mtu aanike. Bwana shamba atashauri, lakini bei haipangi yeye. Daktari anaikuta ikiwa imeshafika kwenye ini.

Kundi la kwanza lilikuja na menyu ya simu, ile inayofanya kazi hata kwenye kitochi, kama ya kutuma pesa. Mkulima anapima mahindi yake kwa chupa ya chumvi, anajibu maswali, anaambiwa aendelee kuanika au ahifadhi. Kipimo chenyewe kizuri na hakina gharama: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Ikishuka yote chini, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Kwa kuhifadhi muda mrefu tunataka 13, kwa hiyo hata chupa ikiwa safi, juani bado panahitajika. Vijana walijua hayo yote. Menyu ilifanya kazi bila kukwama, na mimi niliwapa alama za juu. Nilikosea.

Mwaka uliofuata tulikwenda soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara ya Morogoro. Mnunuzi anachoma gunia kwa bambo, punje zinamiminika kiganjani, anaziangalia, anauma moja, anataja bei. Msichana mmoja wa uhasibu alimwamkia mama aliyekuwa amekaa juu ya magunia yake, akamweleza habari za kuanika.

“Marahaba mwanangu,” mama akajibu. “Makavu na mabichi hapa bei ni moja. Nikianika siku nne, hizo kilo zitakazopungua nitamdai nani?”

Msichana akafungua daftari palepale. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, ukilikausha hadi 13, linabaki kilo 94 na kidogo. Karibu kilo sita zinaishia juani, na mnunuzi analipa kwa mizani. Alinionyesha ukurasa ule bila kusema kitu. Menyu yetu, pamoja na uzuri wake wote, ilikuwa inamwambia mkulima ajipunje mwenyewe. Hakuna mhandisi wa programu ambaye angeliona hilo kwenye kioo cha kompyuta, na mhasibu asingelijua bila kumsikia yule mama.

Tangu siku hiyo kazi iligeuka. Wa ununuzi na ugavi walisema tumwache mkulima kwanza, tumfuate anayenunua kwa wingi, kwa mfano shule za bweni. Zabuni ikitaja unyevu, na malipo yakifanywa kwa uzito uliorekebishwa kulingana na ukavu, mwenye mahindi makavu hapotezi. Menyu sasa inakokotoa bei hiyo.

Kilichotuchosha kuliko vyote ni neno “sampuli”. Tulibishana wiki mbili kabla ya kugundua kwamba hatuzungumzi kitu kimoja. Kwa mtu wa maabara, sampuli ni gramu za unga alizoweka kwenye kifaa. Kwa mtakwimu ni magunia yaliyochaguliwa kati ya mengi. Kwa mfanyabiashara wa Kibaigwa ni zile punje za kiganjani. Na sumukuvu haijasambaa sawasawa: gunzi moja lililooza linaweza kutia sumu gunia zima, huku bambo likipita pembeni na kutoka na punje safi. Ukipima kiganja kimoja na kutangaza gunia ni salama, umetangaza kiganja.

Kosa la menyu yetu ya kwanza, ufundi bila kumsikiliza mkulima, wilaya hiyohiyo ya Kongwa ilishaliona kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na mamilioni ya pauni yameteketea. Mashine zilikuwepo, fedha zilikuwepo. Mvua haikutosha, na kiangazi udongo uligeuka saruji, karanga zikagoma kung’oka. Wagogo waliokuwa wakiishi na ardhi ile wangeweza kuwaeleza.

Ndani ya chuo ugumu uko kwingine. Mwanzoni kila kundi lilileta ripoti ya vipande vinne vilivyobanwa pini, kila mmoja na chake. Siku hizi kwenye utetezi wa mdomo mwanafunzi anaeleza sehemu ya mwenzake: wa kompyuta anatetea hesabu ya kilo, wa uhasibu anaeleza menyu. Wanahangaika, wengine wanalia, lakini wanasomana. Kwa walimu bado. Saa za kufundisha zinahesabiwa kwa idara, na ukiandika makala na mtu wa fani nyingine, wanaokupandisha cheo wanauliza hii ni ya nani. Nimeshaona mwenzangu mzuri akijitoa kwa sababu hiyo, na sikuwa na la kumjibu.

Mwezi wa sita, mahindi mapya yakianza kuingia sokoni, tunarudi Kibaigwa. Wa takwimu wanataka kila gunia lichomwe sehemu nyingi, juu, katikati na chini, kisha punje zote zisagwe na kuchanganywa kabla ya kupimwa. Yule mama amekubali tutumie magunia yake, kwa sharti moja: kila punje tutakayotoa ipande mizani, na alipwe.