Kwa nini memori ya 128GB hukataliwa na gemu la mkononi, ilhali ya 32GB inasoma?

Maduka ya simu ya Mwanga, Kigoma, yana memori za kila ukubwa zimening'inia ukutani. Kijana aliyepata PSP au Nintendo 3DS ya mtumba, ikaflashiwa na fundi ili iendeshe programu zisizotoka kiwandani, hukimbilia kubwa kuliko zote ambayo mfuko wake unaimudu. Akiichomeka, mashine inasema haioni kadi. Anairudisha dukani, muuzaji anaitia kwenye simu yake, inasoma bila tatizo, na hapo maneno yanaanza. Mara nyingi wote wawili wana haki.

Kadi ni nzima na mashine ni nzima. Zisichopatana ni fomati, yaani namna kadi ilivyopangwa ndani ili mafaili yapate pa kukaa. Kwa viwango vya SD, kadi ya mpaka 2GB ni SD ya kawaida, inayozidi hapo mpaka 32GB ni SDHC, na inayozidi 32GB mpaka 2TB ni SDXC. SDHC hutoka kiwandani na fomati ya FAT32. SDXC hutoka na exFAT, ambayo Microsoft waliitoa mwaka 2006. Sasa PSP iliingia sokoni Japani Desemba 2004, exFAT haijazaliwa. 3DS ni ya 2011, lakini Nintendo hawakuipa uwezo wa kusoma exFAT, na kikomo walichokitangaza wao ni 32GB. Simu ya muuzaji inazijua fomati zote mbili, ndiyo maana haikulalamika.

Dawa ni kuifomati kadi upya kwa FAT32, na hapa Windows huwachanganya watu. Ukibofya kadi ya 64GB ukachagua kufomati, kwa kawaida dirisha lile halikupi FAT32 kabisa, ukadhani haiwezekani. Kikomo hicho cha 32GB ni cha Windows tu, kimewekwa tangu miaka ya 1990. FAT32 yenyewe inafika 2TB. Programu ndogo ya bure iitwayo guiformat huifanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Itakuuliza pia ukubwa wa vipande ambavyo kadi hugawanywa ili kuhifadhi mafaili (Allocation unit size): kadi ya 64GB ichagulie vya 32KB, ya 128GB vya 64KB. Mwenye PSP anaweza hata kuiachia mashine ifomati yenyewe kupitia mipangilio yake.

Kasoro kubwa ya FAT32 ni kwamba haipokei faili moja linalofika 4GB. Kwa PSP hilo halina uzito, kwa sababu diski yake ya UMD hubeba 1.8GB tu ikijaa pomoni. Piga hesabu mwenyewe: 32GB ni kama magemu 17 ya ukubwa huo, na mengi ni madogo zaidi. Ndiyo maana kwangu mimi 64GB inatosha kabisa kwa PSP na 3DS. Tena 3DS yenye kadi kubwa mno huchelewa kuwaka.

Tatizo linaloumiza zaidi ni memori feki, na feki ya siku hizi haigunduliki kwa kuitazama. Ndani ya kila kadi kuna kichakataji kidogo kinachoiambia kompyuta ukubwa wa kadi. Mchakachuaji huchukua kadi ya 8GB au 16GB, akabadilisha programu ya hicho kichakataji ili itangaze 512GB, kisha akachapa karatasi nzuri ya nje. Ukiitia kwenye simu, simu inasoma 512GB, kwa sababu simu haipimi; inaamini ilichoambiwa.

Fikiria wakala wa boti pale Kibirizi anayekata tiketi 512 kwa boti lenye viti 16. Daftari la abiria lina majina yote 512 na kila mmoja ana namba ya kiti. Abiria wa 17 akipanda, ama anakalia kiti cha wa kwanza, ama anaachwa ufukweni, na daftari halionyeshi kasoro yoyote. Kadi feki hufanya vivyo hivyo. Orodha ya mafaili huandikwa mwanzoni mwa kadi, sehemu ambayo ni ya kweli, kwa hiyo majina ya magemu yote unayaona na ukubwa wake pia. Unacheza yale ya kwanza wiki nzima kwa raha. Siku unapofungua gemu lililoangukia nje ya ile 16GB, mashine inaganda au inakwambia data imeharibika. Mbaya zaidi ni kadi inayorudi mwanzo na kuandika juu ya yaliyotangulia, maana hapo unapoteza na sevu zako za zamani, yaani hatua ulizofikia kwenye magemu. Fundi aliyeflashi hulaumiwa bure.

Kuijua, andika kadi nzima kisha usome ulichoandika. Kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux kuna F3, zote za bure. Zinajaza kadi mafaili ya majaribio mpaka mwisho, halafu zinayasoma na kukwambia kiasi gani kimerudi salama. Inachukua muda: kadi ya 128GB inayoandika kwa 20MB kwa sekunde hula karibu saa moja na dakika 45 kuandika tu, bado kusoma. Kwa umeme wetu wa kukatika, tumia laptopu yenye chaji, na kubaliana na muuzaji kabla hujalipa kwamba ikifeli unairudisha. Usishtuke kompyuta ikionyesha 119 badala ya 128. Kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024, hakuna aliyekuibia.

Alama za kasi zisikutoe jasho. Class 10 na U1 zote maana yake ni kuandika angalau 10MB kwa sekunde, U3 na V30 ni 30MB. Hizo V30 ni za wapiga video. Mashine hizi za zamani zina mwendo wao, na kadi ya bei mbaya itashuka iufuate.

PSP haina tundu la SD. Inatumia Memory Stick PRO Duo ya Sony, kwa hiyo utahitaji adapta ya kupokea microSD. PS Vita, gemu jingine la mkononi la Sony, nayo ina kadi zake zisizozidi 64GB, na walioiflashi hutumia adapta iitwayo SD2Vita inayokaa kwenye tundu la gemu. Hiyo, tofauti na wenzake, inaipenda exFAT. Nintendo Switch ya 2017 inasoma zote mbili, ila kwa iliyoflashiwa chagua FAT32. FAT32 hutunza nakala mbili za daftari la mafaili, exFAT kwa kawaida moja, na mashine ikizimika ghafla katikati ya kuandika, nakala ya pili huweza kuokoa.

Ukihamia kadi mpya kwenye 3DS, nakili folda lote la "Nintendo 3DS" kama lilivyo. Limefungwa kwa ufunguo wa mashine hiyohiyo, kwa hiyo ukimwazima rafiki kadi yako, 3DS yake haitaona magemu uliyosakinisha.