Cobh si Mji wa Titanic Pekee: Dhana Potofu na Ukweli

Cobh ni mji mdogo wa bandari katika Ghuba ya Cork, kusini mwa Ireland, na wageni wengi wanaoshuka hapo kwa treni kutoka jijini Cork huwa wamekwisha kusikia jambo moja tu kuuhusu: Titanic.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba meli hiyo ilifunga gatini mwa mji, na wapo hata wanaoamini kuwa iliundwa hapo. Titanic iliundwa Belfast, ikang'oa nanga Southampton tarehe 10 Aprili 1912, ikapitia Cherbourg nchini Ufaransa, na kesho yake ikasimama kwa takriban saa mbili karibu na Roches Point, kwenye mlango wa ghuba, pasipo kugusa gati la mji huo ambao wakati ule uliitwa Queenstown. Abiria 123, wengi wao wa daraja la tatu, walipelekwa melini kwa vyombo viwili vidogo, Ireland na America. Watu saba walishuka, akiwamo Francis Browne, kijana aliyekuwa akisomea upadri katika shirika la Wajesuiti, ambaye picha alizopiga melini zinathaminiwa hadi leo. Ofisi ya zamani ya White Star Line, kampuni iliyomiliki Titanic, sasa ni jengo la maonyesho, na nyuma yake yamesalia magogo ya gati la mbao walikopitia abiria hao.

Dhana hiyo imezaa nyingine: kwamba makaburi ya pamoja yaliyo nje kidogo ya mji, Old Church, ni ya watu wa Titanic. Sivyo hata kidogo. Maiti nyingi za Titanic zilizoopolewa na kurudishwa nchi kavu zilizikwa Halifax, Kanada. Waliozikwa Cobh ni abiria na mabaharia wa Lusitania, meli iliyopigwa kombora na nyambizi ya Ujerumani tarehe 7 Mei 1915 karibu na Old Head of Kinsale, ikazama kwa dakika 18 na kuua watu karibu 1,200. Manusura na maiti waliletwa Queenstown, na zaidi ya watu 100 wakazikwa Old Church, wengi katika makaburi matatu ya pamoja. Mnara wa kumbukumbu uliopo Casement Square, kazi ya mchongaji Jerome Connor, una malaika aliyesimama juu ya wavuvi wawili. Inashangaza kuona jinsi watalii wanavyoupita mnara huo wakiulizia Titanic, ilhali ni msiba wa Lusitania ndio uliofika hadi milangoni mwa wenyeji.

Wengine hudhani kwamba walioihama Ireland kupitia Cobh walikuwa wakiikimbia njaa kuu ya 1845 hadi 1852 pekee. Kati ya watu takriban milioni 6 waliohama nchi hiyo kuanzia 1848 hadi 1950, milioni 2.5 walipitia bandari hii, maana yake msafara uliendelea karne nzima baada ya njaa kwisha. Mmoja wao ni Annie Moore, ambaye sanamu yake pamoja na wadogo zake wawili wa kiume ipo ufukweni. Ndiye mhamiaji wa kwanza kupokewa Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kuwa alikwenda magharibi ya Marekani na kufia Texas; mwaka 2006 ikathibitika kuwa huyo alikuwa Annie Moore mwingine, na kwamba huyu wa Cobh aliishi New York hadi alipofariki mwaka 1924.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Colman, lenye kengele 49, huonekana kama la enzi za kati, lakini ujenzi wake ulianza 1868.

Mwisho, si kweli kwamba Waingereza waliondoka mara Ireland ilipojitawala mwaka 1922. Jina la Queenstown, lililotolewa kwa heshima ya Malkia Victoria mwaka 1849, liliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini Uingereza ilibaki na ngome za ghuba, ikiwamo ile ya Spike Island, hadi Julai 1938. Ngome hiyo, iliyowahi kuwa gereza na kufungwa mwaka 2004, hufikiwa kwa boti kutoka Cobh.