Kiranja sio mbabe: wavulana wetu wa sekondari na dhana potofu za uanaume

Ukikaa na wavulana wa sekondari huku Nyanda za Juu Kusini, iwe Mafinga, Tukuyu au Makambako, stori za uanaume ni zilezile, na nyingi wamezitoa kwetu sisi wakubwa. Naandika zile zinazoniuma zaidi.

"Kiranja asipoogopwa hana uongozi"

Hii ndo inayoharibu mabweni. Fomu foo anamwamsha njuka, yaani mgeni wa fomu wan, saa kumi usiku, mwezi wa saba, baridi la Mufindi lile la kukata masikio, akamchotee maji ya kuoga af amfulie na soksi, dogo anatetemeka na ndala zake na ndoo mkononi, na mwalimu wa zamu akiambiwa anasema waache wakomae. Hawakomai jamani! Anachojifunza yule njuka ni kusubiri zamu yake ya kuonea wenzie. Ukweli ni kwamba kanuni za viboko shuleni za 2002 zinamruhusu kuchapa mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa yake kwa maandishi, tena visizidi 4. Kiranja hayumo kabisa. Kiranja wa kweli utamjua kwenye foleni ya ugali na maharage, anahakikisha fomu wan wamepata ndo na yeye anachukua sahani, na siku akisema bweni lidekiwe, linadekiwa bila kelele, na yeye kashika deki. Na wale wanaosema deki ni kazi ya wasichana, sasa huko bweni la wavulana anadeki nani?

"Sisi damu ya Mkwawa, hasira tumezaliwa nazo"

Iringa utaisikia sana hii. Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, tunamheshimu, ila hebu isomeni vizuri vita ya Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891. Wahehe walijificha, wakawaacha askari wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, wasogee karibu kabisa, wakatulia mpaka wakati ulipofika ndo wakavamia, na Zelewski mwenyewe akafia pale. Mtu wa hasira asingeweza kukaa kimya vile, angeharibu mpango mzima. Ile ilikuwa nidhamu na kujizuia. Kijana anayempiga mwenzie kisa kataniwa mbele ya wasichana hajarithi chochote cha Lugalo.

"Ukishatahiriwa umekuwa mwanaume, Ukimwi haukupati"

Kipindi cha baridi wavulana wanaenda kwenye huduma za tohara, na ni jambo zuri sana, waende. Ila tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa asilimia 60 hivi, sio 100, kwahiyo kondomu bado inahitajika. Na hatuongelei mambo ya mbali, utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye VVU na Iringa 11.1. Na kutahiriwa hakumpi mtu ruhusa ya kumlazimisha msichana, akikataa amekataa, basi.

"Mwanaume hasemi shida zake"

Duniani wanaume wanajiua zaidi ya mara mbili ya wanawake. Kijana akija kukwambia halali usiku, usimcheke, msikilize.

"Mtoto wa kiume atajifunza mwenyewe"

Binti anakaliwa kikao na shangazi, kaka yake anaachiwa simu na vijiwe. Balehe ya mvulana huanza kati ya miaka 9 na 14, sauti inakatika, anaota ndoto nyevu anadhani anaumwa, na hana wa kumuuliza. Af ubongo, ile sehemu ya kupima matokeo ya jambo, unaendelea kukua mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kwahiyo walimu, baba, wajomba, kaeni nao. Mpe kijana wa kidato cha pili funguo za maktaba au bustani ya miche, iwe kazi yake kweli, na kila Ijumaa mkae dakika kumi umuulize imeendaje, wapi palimshinda, nani alimsaidia. Akikosea mrekebishe pembeni, sio mstarini mbele ya shule nzima.